Tangi la Hajati

Mimi ni mwalimu wa kochingi, yule wa kuzunguka nyumba za watu na chaki mfukoni. Chaki zenyewe sizitumii. Kwangu mimi hesabu sharti ishikwe kwa mkono.

Hesabu za sehemu nilimfundisha mjukuu wa Hajati, hapo Kisenyi, Kampala, kwa roleksi, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, niliyoinunua kwa pesa zangu. Nikaikata vipande vinane. "Nikila vitatu, vinabaki vingapi?" Akajibu mdomo umejaa: "Hakuna." Nikatazama sahani. Kweli hakuna. Nikampa vema.

Kijana yuko darasa la saba, na mtihani wa kumaliza msingi hauna utani: ukijumlisha madaraja ya masomo manne, 4 ndiyo sherehe, 36 ndiyo matanga. Basi Ijumaa ile tukafika kwenye lile swali la tangi. Bomba moja linajaza kwa saa 3, jingine linamwaga kwa saa 6; yote mawili yakifunguliwa, tangi litajaa baada ya muda gani?

"Mwalimu, nani huyo anafungua yote mawili?"

Swali zuri. Nikasema, sisi.

Nyuma ya nyumba kuna tangi la Hajati la lita 1,000, siku hiyo likiwa nusu. Nikafungua la kujaza, nikafungua la chini, maji yakateremka zake mtaroni. Tukarudi sebuleni kukokotoa.

Hapo ndipo tulipokwama. Theluthi moja toa sudusi moja, kijana akaandika: juu, moja toa moja, sifuri, chini, sita toa tatu, tatu. Sifuri juu ya tatu.

"Yaani sifuri," akasema. "Tangi halina kitu."

Nilicheka. Nikamchorea duara, nikamgawia maembe, nikapiga meza. Karibu saa nzima nilimweleza kwamba linajaa sudusi moja kila saa, kwa hiyo saa 6. Yeye sifuri tu.

Mara adhana ya Alasiri ikasikika kutoka msikiti mkubwa wa Old Kampala. Hajati akapita na birika lake la udhu. Tukasikia bomba linakohoa. Likakohoa tena. Halafu kimya, kimya cha mtu anayehesabu hadi kumi.

"Mwalimu!"

Kumbe maji ya mjini yalikatika tulipoketi tu. La kujaza lilikuwa linatoa hewa. La kumwaga halikupumzika hata dakika.

"Hajati, nisamehe, nilikuwa namwonyesha..."

"Maji yangu yako wapi, mwanangu?"

Kijana akachungulia tangini, akageuka, uso unang'aa. "Mwalimu, sifuri!"

Hajati akatayamamu, maskini, akaswali. Alipomaliza akamwita mjukuu wake. Jerikani ya lita 20 kwa muuza maji ni shilingi 500. Mwalimu analipwa 15,000 kwa kipindi. Haya.

Mtoto huyu, aliyenitesa wiki tatu kwa theluthi, hakuomba hata kalamu. "Lita 500 ni jerikani 25. Ni 12,500. Mwalimu abaki na 2,500."

Hajati akanihesabia 2,500 mkononi. Kijana akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama pesa hiyo inatosha roleksi.