Shangazi Hajanenepa, Ni Lenzi

Hivi nani aliyesema picha ya pamoja ni kazi ya kumalizia shughuli? Bibi harusi peke yake anapigwa picha nusu saa nzima: anageuzwa, anainuliwa kidevu, shela inatandazwa na wasimamizi wawili. Ikifika zamu ya ukoo, watu 21 ukiacha watoto wa kubebwa, MC anashika kipaza sauti: "Mpiga picha, dakika mbili tu, chakula kinapoa." Dakika mbili! Na ukumbi wenyewe meza zimepangwa mpaka mlangoni.

Kesho yake lawama zinaingia kwenye kundi la familia. Shangazi aliyesimama mwisho kulia anauliza ni nani kamfanya mnene. Baba mdogo wa safu ya nyuma hajulikani kama ni yeye au ni pazia. Mwenye kamera naye anajibu kwa kiburi kwamba lenzi aliyotumia ni ya bei mbaya. Sasa bei inahusiana nini na shangazi?

Twende taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Watu 21 kwa safu tatu ni saba kila safu. Mtu mmoja akibanana na mwenzake anakula kama sentimita 55, kwa hiyo safu ina mita 3.85. Lakini usipige mita 3.85. Piga mita 5. Wataulizana kwa nini umeacha nafasi tupu pembeni, wewe nyamaza. Picha ya kamera ina umbo la 3 kwa 2, fremu ya ukutani wanayoitaka ni inchi 8 kwa 10, na wa kusafisha picha atakata moja ya sita ya upana bila kumuuliza mtu. Mita 5 ikikatwa hivyo inabaki 4.17. Ungebana tangu mwanzo, shangazi angebaki nusu, na hapo usingelala.

Upana wa eneo unapatikana kwa hesabu ya shule ya msingi: umbali mara upana wa sensa (kile kipande bapa ndani ya kamera kinachopokea picha), gawanya kwa namba ya lenzi, zile mm zilizoandikwa juu yake. Kwa kamera ya fulufremu, ambayo sensa yake ina upana wa 36 mm, kupata hizo mita 5 lenzi ya 24 mm inataka usimame mita 3.3 kutoka safu ya mbele, 35 mm inataka mita 4.9, 50 mm inataka mita 7, na 85 mm inakaribia mita 12. Mita 12 kwenye ukumbi wa harusi maana yake uko jikoni unapigia picha kupitia dirisha la sahani.

Basi mtu anaona ukumbi umebana, anachomeka 24 au hata 16, anasogea mpaka karibu awakanyage waliokaa mbele, anasema "wote wameingia!" Wameingia, ndiyo. Lenzi pana inanyoosha vitu kwenye uso bapa wa sensa. Kitu bapa, mfano bango la "Hongereni", kinatoka salama. Kichwa na tumbo ni vya mviringo, na hivyo haviponi: kadiri vinavyokaa pembeni ndivyo vinavyovutwa. Mtu wa mwisho kwenye ile safu yetu, kwa 24 mm, anaongezewa upana kama asilimia 12. Kichwa kinatoka kama papai lililolazwa. Kwa 50 mm ukiwa mita 7, nyongeza haifiki asilimia 3 na hakuna atakayeiona. Kwa hiyo shangazi ana haki ya kukasirika, ila pilau halihusiki.

Tena hilo ndilo dogo. Safu tatu, walioketi mbele na waliosimama nyuma, zinachukua kina cha mita 1.6 hivi. Ukiwa mita 3.3, safu ya nyuma iko mita 4.9, na vichwa vyao vinatoka theluthi mbili ya vile vya mbele. Babu aliyekaa kitini anakuwa na magoti makubwa na viatu vinavyotisha, baba mdogo anakuwa mtoto wake. Ukirudi nyuma mpaka mita 7, vichwa vya nyuma vinafika zaidi ya asilimia 80 ya vile vya mbele, na ukoo unafanana na ukoo. Hilo linatokana na umbali uliosimama, lenzi inakusaidia tu kujaza fremu ukishasimama hapo. Watu hawataki kusikia. Wanataka kununua kitu.

Flashi nayo inafuata umbali huohuo. Ukiwa karibu, flashi ya moja kwa moja inawapa wa nyuma chini ya nusu ya mwanga wa walio mbele: babu anang'aa, baba mdogo yuko gizani. Ukiwa mita 7 wanapata kama theluthi mbili, na hiyo inarekebishika. Gharama yake ni kwamba flashi inatakiwa nguvu zaidi ya mara nne, kwa hiyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 800 au 1600 na usione haya. Kurusha flashi darini ni kuzuri kama dari ni jeupe. Lakini nani siku hizi anaacha dari jeupe? Wapambaji wamelifunika lote kwa vitambaa vya zambarau, ukirusha flashi pale ukoo mzima unarudi na rangi ya zambarau.

Halafu kuna hawa wa f/1.8, yaani tundu la lenzi limefunguliwa wazi; namba ya f ikipanda, tundu linazidi kufungwa. Amenunua lenzi ya 50 mm, ameiona inavyofifisha nyuma ya bibi harusi, basi kila kitu ni f/1.8 hata kikao cha kamati. Ndugu yangu, ukiwa mita 7, ukafokasi kwa babu wa mbele kwa f/1.8, ukali unaishia kama mita moja na robo nyuma yake. Baba mdogo yuko mita 1.6. Ndiyo maana amekuwa pazia! Na kikundi kidogo cha watu wanane, ukiwa mita 4, ukali wote ni sentimita 70 tu, mbele na nyuma zikijumlishwa. Funga mpaka f/5.6 au f/8, fokasi kwenye macho ya safu ya katikati, na ukali utaanzia mbele ya babu mpaka kwenye meza ya keki. Spidi isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, maana watoto wa kubebwa hawajawahi kutulia, na ukitumia flashi isizidi 1/200. Usiwapinde watu upinde eti wakuzunguke vizuri: fokasi ya lenzi ya kawaida ni bapa, sambamba na sensa, na wa pembeni akisogea mbele anaukaribia ukubwa ambao tayari tumeshaulalamikia.

Wenye kamera za sensa ndogo wasijione wameachwa. Zidisha namba ya lenzi kwa 1.5 kwa Nikon na Sony, 1.6 kwa Canon, mjue inalingana na ipi ya fulufremu. Ile 50 mm mnayoililia ndani ya ukumbi inakuwa 75 au 80, mtatafuta pa kurudi mtagonga spika. Kwenu 35 mm ndiyo inayofanya kazi ya 50, na 24 mm inakuja karibu na 35. Na ile lenzi ya kuvuta ya 18-55 iliyokuja na kamera ndani ya boksi, mnayoificha kwa aibu, ikiwa kwenye 30 na f/8 inapiga picha ya ukoo safi kabisa. Msiipeleke 18 tu, huko hata lile bango bapa linapinda tumbo lake mchana kweupe. Kwenye fulufremu, mwenye 24-70 aiweke kati ya 35 na 50 na aseme na watu wa meza wasogee. Kusogeza meza mbili ni bure.

Kabla ya kubonyeza panda kiti kigumu, si kile cha plastiki, ili macho ya safu ya nyuma yasizibwe na vilemba. Idadi ya picha ina kanuni: mwaka 2006 Nic Svenson na Piers Barnes wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, walipewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti wa kuchekesha, kwa kukokotoa picha ngapi zipigwe ili ipatikane moja isiyo na aliyefumba macho. Kwa kundi lisilofika watu 20, gawanya watu kwa tatu kukiwa na mwanga mzuri, kwa mbili ukiwa hafifu. Watu 18 ukumbini, picha tisa. MC akikohoa, mwonyeshe hesabu.

Lakini yote hayo hayafui dafu mbele ya wenye simu. Ukishapanga watu, nyuma yako wanatokea wapwa na wajomba, kila mmoja na simu yake, mwingine ameibonyeza 0.5 kabisa, ambayo ni pana kuliko hata ile 16, anampeleka shangazi kulekule tulikomtoa. Macho ya ukoo yanatazama kila mahali isipokuwa kwenye kamera. Piga zako zote kwanza, kisha tangaza zamu ya simu. Waambie warudi nyuma wabonyeze 2x, na wewe ondoka kabisa pale ulipokuwa, shuka na kiti chako, maana ukibaki umesimama nusu ya watu wataendelea kukutazama wewe.