Pomboo wa Kizimkazi: tuwatazame, lakini je, tuwarukie?

Mwisho wa mwaka kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mwanjelwa, Mbeya, kinataka kwenda Zanzibar: basi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, kisha boti. Ratiba haikuleta ubishi mpaka ilipofika siku ya Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, penye maneno yaliyowavutia wengi kuliko yote: kuogelea na pomboo. Baadhi yetu wanasema huko ni kuwasumbua viumbe wa Mungu. Wengine wanauliza, tukishalipa na hatumshiki mnyama, kosa liko wapi?

Hilo swali si la kipuuzi. Kabla ya watalii, pomboo wa kusini mwa Unguja walikuwa wakiuawa na nyama yao kufanywa chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama, na wavuvi wakaona kwamba pomboo aliye hai analipa leo, kesho na keshokutwa. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, yenye maji hayo ya Kizimkazi, ikatengwa kuwa eneo la hifadhi. Sidhani kama semina yoyote ya mazingira ingewabadilisha watu haraka namna ile. Na fedha zenyewe si haba: mwaka 2008 watu wapatao milioni 13 duniani walikwenda kutazama nyangumi na pomboo, wakatumia zaidi ya dola bilioni 2. Anayetaka biashara hii ifutwe atuambie kwanza nahodha wa Kizimkazi arudi kwenye kazi gani.

Shida ni jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Kundi likionekana, boti moja inafuatwa na nyingine, na muda si mrefu pomboo wamezungukwa. Nahodha anaongeza mwendo, anawakatiza kwa mbele, wageni wanaambiwa warukie. Pomboo wanazama, wanaibukia kwingine, boti zinageuza na kufuata. Mgeni anadhani wanacheza naye. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao hao, wakachapisha matokeo mwaka 2010, waliona jambo jingine: boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza kupumzika, kutafuta chakula na kukaa pamoja, muda mwingi wakawa safarini. Huyu ni mnyama anayevuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha. Hata usingizi wake ni wa nusu ubongo, nusu nyingine ikibaki macho ili aibuke apumue.

Tena hawako wengi. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliwaweka pomboo wa kawaida wa Kizimkazi chini ya 200, na wale wa aina ya pili, wenye nundu mgongoni, hawakufika hata 100. Kwa hiyo wanaokimbizwa leo ndio hao hao waliokimbizwa jana. Nchi nyingine zilishafika hapa zikaamua. New Zealand ilisitisha kuogelea na pomboo katika Bay of Islands mwaka 2019, na mwaka 2021 Marekani ikapiga marufuku kuwakaribia pomboo wa Hawaii wanaopumzika mchana kwa umbali usiofika mita 46. Kutazama kuliendelea, kwa kanuni.

Hata hivyo, wenzangu wanaokataa safari nzima wananishangaza kidogo, maana hawataji nyavu. Pomboo akinasa kwenye jarife usiku hawezi kuibuka kuvuta hewa, anakufa maji. Karibu na Unguja wanaokufa hivyo wamekuwa wengi kuliko idadi ambayo kundi dogo linaweza kuhimili. Mtalii anayeruka majini si adui wa kwanza wa pomboo. Ila mwenye jarife anatafuta mlo wa watoto wake, na sisi tunatafuta picha. Wa kuacha kwanza ni yule ambaye kuacha hakumgharimu kitu.

Kuna wanaosema tumwachie nahodha aamue. Nahodha atafanya nini mbele ya wateja kumi waliolipa? Akikaa mbali, mwenzake atasogea karibu na kesho wateja watakwenda kwa huyo mwenzake. Mwanya huo tunaujua hata huku. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, dereva wa Iringa anabaki barabarani bila kumfuata mnyama porini, na si kwa sababu ana moyo mwema kuliko nahodha. Anajua kuna askari na kuna faini, na mwenzake naye anabanwa hivyo hivyo. Baharini boti zote zingehitaji kubanwa pamoja: idadi isizidi chache kwa kundi moja, mwendo mdogo, kwenda sambamba na pomboo, na kuondoka wakianza kuzama kwa muda mrefu.

Mpaka usimamizi huo uimarike, mteja ndiye mwenye nguvu, na kikundi cha watu thelathini si mteja mdogo. Msimamo wangu ni kwamba Kizimkazi twende. Tumwambie nahodha kabla ya kupanda kwamba hakuna atakayeruka, tulipe bei ile ile kamili ili asione hasara, na bakshishi impate akizima mashine mbali na kundi. Tukikuta boti zimeshajaa, tugeuze. Anayetaka kuogelea, Jambiani na Makunduchi ziko jirani. Asubiri tu maji yajae.