Kustaafishwa kwa Manufaa ya Umma: Ofisa wa Magereza na Haki ya Kusikilizwa

Ofisa wa magereza anapokabidhiwa barua ya kustaafishwa kwa manufaa ya umma kabla ya kufikia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma nchini Tanzania, swali la kwanza analojiuliza ni kama ameadhibiwa au amepumzishwa. Barua haimjibu. Haitaji kosa wala kumbukumbu ya kikao chochote, na kwa maandishi mtumishi huyo hana doa. Lakini ikiwa majuma machache kabla ya hapo mahabusu alitoroka au simu zilikamatwa ndani ya gereza analoliongoza, kambi nzima itaisoma barua hiyo kama hukumu. Anapokwenda mahakamani kuipinga, shauri zima huzunguka utata huo.

Hoja ya Serikali isidharauliwe. Gereza halifanani na ofisi ya kawaida, kwa kuwa uzembe wa zamu moja unaweza kuhatarisha raia walio mbali kabisa na ukuta wake. Novemba 2021 wafungwa watatu waliohusishwa na ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, Nairobi, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akamwondoa Kamishna Jenerali wa Magereza wa Kenya. Katika hali kama hiyo hakuna kiongozi anayetaka kusubiri miezi ya mashauri ya nidhamu. Zaidi ya hayo, mashahidi wa makosa ya gerezani mara nyingi ni wafungwa wenyewe, ambao wakishatoa ushahidi watarudi kulala chini ya ulinzi wa wenzake mtuhumiwa. Hivyo wakuu wanaweza kuwa na sababu za kweli za kupoteza imani na ofisa, na bado wakakosa ushahidi wa kumtia hatiani. Kustaafishwa huwapa njia ya kati: ofisa anaondoka kwenye funguo bila kutangazwa mkosaji. Tena Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 36, inatambua mamlaka ya Rais juu ya nidhamu ya watumishi wa umma.

Hata hivyo, ugumu huohuo wa kupata ushahidi ndio unaomweka ofisa mahali pa hatari. Mkuu wa gereza ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole hata pale chanzo cha tatizo kinapokuwa msongamano wa wafungwa au uchache wa askari, mambo ambayo hayamo katika uwezo wake. Asipoitwa kujieleza, hayo hayatasikika popote. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani, na katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts la mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba haki ya kusikilizwa si kanuni tu iliyorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, bali ni haki ya msingi ya kikatiba. Kwa ofisa wetu, shauri lililo karibu zaidi ni la Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ambamo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikataa kwamba maneno "manufaa ya umma" yanatosha peke yake. Mtumishi anayestaafishwa lazima apewe sababu.

Nakubaliana na msimamo huo, na ningeusogeza mbele kidogo. Jina la hatua lisiwe kigezo. Mahakama itazame kilicho ndani ya jalada. Kama kilichoanzisha uamuzi ni mabadiliko ya muundo wa jeshi, sababu iliyoandikwa waziwazi inatosha. Lakini kama ndani ya jalada kuna tuhuma, hata ile ambayo wakuu wanaamini kwa dhati kuwa ni ya kweli, basi hatua hiyo ni ya kinidhamu, na ofisa anastahili hati ya mashtaka, muda wa kujibu na nafasi ya kuhoji ushahidi. Usalama wa shahidi aliye mfungwa unaweza kulindwa kwa kumhamishia gereza jingine, jambo ambalo Jeshi la Magereza lina uwezo wa kulifanya wakati wowote.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye njia ya kuidai haki yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu askari magereza, kwa hiyo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kimbilio la wafanyakazi wengine, imefungwa kwao. Kinachobaki ni mapitio ya mahakama katika Mahakama Kuu: mwombaji aanze kwa kuomba kibali ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe, na akikipata, mahakama itachunguza namna uamuzi ulivyofikiwa, si kama yeye alikuwa mzembe au la. Akishinda, barua inatenguliwa na mamlaka yaleyale yanaweza kulianza jambo upya kwa utaratibu sahihi. Ofisa aliyestaafishwa akiwa na miaka 57 anaweza kuipata hukumu ya ushindi akiwa ameshatimiza 60, na hapo hakuna amri ya mahakama inayoweza kumrudisha kazini.