Nahamia Lushoto na Feni Tatu

Wenzangu wakistaafu wanarudi kijijini na begi. Mimi nahama na Sinza nzima.

Mpango ulikuwa mwepesi. Tunatoka vyumba vinne, tunakwenda viwili nilivyojenga Lushoto, juu kule karibu mita 1,400, miti nyuma ya nyumba, mapeasi mlangoni. Nikatoa amri: nusu ya vitu haiondoki Dar. Mama Rehema akaitikia, "Sawa, Baba Rehema." Hiyo "sawa" naijua miaka 32. Ni hapana iliyovaa kanga.

Tukaanza na feni, tatu. Jamani, Lushoto mwezi wa saba watu wanaota moto! Wajerumani wenyewe walipanda kule kuukimbia mvuke wa pwani. Feni ya nini? "Ya wageni." Mgeni gani huyo, aende Lushoto kupulizwa na feni? "Dada yako." Nikanyamaza. Dada yangu namjua.

Sahani za wageni nazo zimo kabatini tangu 1998, hazijaonja hata ugali. Mkwe alikuja kuposa, tukampakulia kwenye za plastiki, hizi zisije zikachubuka. Sasa zinavikwa magazeti moja moja kama maiti.

Lakini lililonitoa jasho ni chini ya kitanda. Nimevuta mfuko, ndani una mifuko. Rambo! Zile zilizopigwa marufuku Juni 2019, zimekunjwa pembe tatu kama sambusa. Nikamwambia mke wangu, hiki si kiroba, hiki ni kidhibiti. Akasema zitafaa.

"Na hii yako itafaa nini?" akaniuliza, kashika antena yangu. Nikiri, hiyo ni ya zamani kidogo. Analojia ilizimwa Dar Desemba 31, 2012, na antena imekaa stoo tangu hapo. Lakini ni aluminiamu safi ile! Nikamwita kijana wa vyuma chakavu. Akaipima, akataja bei, nikaona bora nife nayo. Ikarudi kwenye rundo, pamoja na chaja zangu kumi na moja za pini nyembamba. Simu zenyewe sijui ziko wapi.

Majirani wanakuja kutuaga kwa zamu. Mtu anakwambia, "Tutawakumbuka sana," mkono wake uko kwenye mlango wa friji, anaufungua na kuufunga, anasikiliza kama unabana.

Jana ikaja Canter. Dereva akazunguka rundo mara mbili, akavua kofia. "Mzee, zile kona za kupandia kutoka Mombo unazijua? Huu mzigo utarudi Dar wenyewe." Ikabidi tukodi Fuso. Kwa pesa ile ningeezeka choo cha nje.

Leo tumepakia. Mbele kuna viti viwili vya abiria. Kimoja anakaa Mama Rehema. Cha pili zinakaa sahani, zimefungwa mkanda. Nikauliza, na mimi? Nikaonyeshwa upande wa Mbezi, kwenye stendi ya mabasi.

Tiketi nimekata, asubuhi saa kumi na mbili. Nikadhani angalau nitasafiri mikono mitupu. Mama Rehema akanifuata getini na shangazi kaja moja, nyepesi ajabu, inachakarisha. Zile rambo.

"Fuso imejaa," akasema. "Ukiulizwa, sema ni zako."