Ndege wa Ng'ambo, Tope Letu

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba kuna watu wanaojitolea kulinda ndege wa Siberia, naye atakuuliza, tena ana haki ya kuuliza: wa kwetu wamekwisha? Jibu letu ni fupi. Hao wa Siberia ni wa kwetu pia, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huko juu hukaa wiki chache tu za Juni na Julai, wakataga, wakaangua, wakaanza kushuka. Yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini, anayejulikana kitaalamu kama Calidris ferruginea, huzaliwa kwenye nyanda za baridi kali kaskazini mwa Urusi, lakini miezi mingi ya maisha yake huila kwenye tope la mwambao wa Kenya, kama la Mida, Sabaki, Mtwapa na Tudor. Tope hilo likifa, hakuna mlinzi wa Siberia awezaye kumsaidia.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaodhani kwamba kujitolea kwa ajili ya ndege wa ng'ambo ni lazima kuanze na tiketi ya ndege ya chuma. Mtu wa Mombasa atawafaa ndege hao zaidi akiwahesabu papa hapa, mahali palepale, kwa namna ileile, mwaka baada ya mwaka. Ni kazi isiyotoa picha nzuri za kutuma. Labda ndiyo sababu haina wengi.

Oktoba 2024, Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini iliwapandisha ngazi ya hatari ndege 16 wa mwambao kwa mara moja. Huyo kitwitwi wa mdomo uliopinda aliwekwa kundi la walio hatarini liitwalo kwa Kiingereza Vulnerable, pamoja na ndege aitwaye kiluwiluwi kijivu, Pluvialis squatarola. Wote wawili wapo Mida. Uamuzi wa namna hiyo hutegemea hesabu za miaka mingi zilizoandikwa na watu waliosimama topeni na daftari. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji ilianza 1967, na tawi lake la Afrika 1991. Hufanywa Januari, kaskazi inapovuma sawasawa, kwa kuwa wakati huo ndege wametulia: waliokuwa wapitaji wamepita, na waliobaki hawajaanza kujiandaa kurudi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo nia njema huharibika.

Anza na jedwali la saa za kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini, wala si kalenda ya Jumamosi na Jumapili. Maji yakipwa, ndege wametawanyika kwenye tope pana, wengine mbali kiasi cha kuonekana kama vumbi. Huwezi kuwahesabu. Yanapojaa, tope linapungua, nao wanasogezwa taratibu hadi kwenye vilima vichache vya mchanga ambako hulala wakisubiri maji yageuke. Hapo ndipo pa kuhesabia. Uwe umeshakaa mahali pako saa mbili kabla ya maji kujaa tele. Ukifika wakati wamekwisha kutulia, utawarusha.

Siku za bamvua, yaani maji yanapopanda na kushuka sana kwa mwezi mpevu au mwandamo, maji ya Mombasa hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, hujaa karibu saa nne. Kila siku yanasogea mbele kwa takriban dakika 50. Wanaoanza hukimbilia siku yenyewe ya bamvua kubwa, wakidhani maji mengi yatawaleta ndege karibu zaidi. Ni kosa. Maji ya bamvua kubwa hufunika hata vile vilima vya kulalia, ndege wakahamia ndani ya mikoko au mahali usipopaona, na hesabu yako ikaonyesha kwamba wamepungua wakati wamehama chumba tu. Ukingoja siku mbili tatu baada ya bamvua, maji yatajaa magharibi inaingia na mwanga umekwisha. Siku nzuri ni mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu, au kabla ya mwezi kuandama: maji yanajaa kati ya saa nane na saa tisa alasiri, vilima bado vina nafasi, na mwanga unatosha. Kaa upande ambao jua liko mgongoni mwako. Kwa Mida ongeza subira kidogo, kwa sababu mlango wa hori ni mwembamba na maji ya ndani huchelewa kufuata yale ya bahari wazi.

Vifaa si vingi. Darubini ya mkono ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, inatosha kwa kundi la karibu, nayo ni bora kuliko 10x42 kwa mkono unaotetemeka kwenye upepo. Kwa kundi la mbali hapana budi darubini kubwa ya miguu mitatu, inayokuza mara 20 hadi 60. Moja kwa timu nzima inatosha. Ukiikuza hadi 60 mchana wa jua kali, utaona mvuke wa joto ukicheza kuliko ndege. 25 au 30 huonyesha zaidi. Kalamu iwe ya risasi, kwa sababu wino na maji ya chumvi havipatani.

Timu ya watu wanne ni nzuri: wawili wanahesabu, mmoja anaandika, mmoja anatazama ni nini kinachokuja, mbwa, mashua au watoto wanaokimbizana. Wale wawili wahesabu bila kuambiana. Kundi la ndege 800 halihesabiwi mmojammoja. Hesabu kumi kwa uangalifu, jicho lijue kumi ni upana gani, kisha jipimie vipande vya kumi hadi ufike mia, kisha vipande vya mia, kutoka upande mmoja wa kundi hadi mwingine bila kurudi nyuma. Karibu kila mgeni wa kazi hii huhesabu pungufu, hasa kundi likiwa limebanana. Wakitofautiana kwa zaidi ya moja ya tano, warudie. Wasigawanye tofauti katikati ili waende nyumbani, kwa maana tarakimu hiyo ya katikati hakuna aliyeiona.

Kisha liko suala la majina. Vitwitwi wa mchanga, wakubwa na wadogo, hukaa pamoja na kufanana mno; hutofautiana kwa urefu wa mdomo na wa miguu, na kwa mbali hata mzoefu hukosea. Andika "vitwitwi wa mchanga, hawakutambuliwa" na idadi yao. Mtu anayeona aibu kuandika hivyo huishia kubuni, na jina la kubuni likishaingia kwenye hifadhidata linakaa humo kama ukweli. Andika pia sifuri. Kama sululu huwa wapo na leo hawapo, ile 0 ni taarifa. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya maji, upepo, eneo ulilolifikia na lile usilolifikia, na kilichowarusha ndege kama walirushwa.

Kuhusu kuwarusha: soma shingo. Wakiwa na vichwa mgongoni, wametulia. Wakiinua vichwa, simama. Wakianza kutembea kukupa mgongo, rudi nyuma hatua kadhaa. Wakiruka, umeshawagharimu chakula, na Machi na Aprili gharama hiyo ni kubwa, kwa sababu ndio wakati wanajaza mafuta ya safari ya kurudi kaskazini. Mpiga picha anayetaka kundi likiwa angani na jua likizama, anunue postikadi.

Tungependa hesabu nyingine ifanywe Julai. Wengi huamini kwamba kusi ikishika ndege wote wameondoka. Si kweli. Watoto wa mwaka wa kwanza wa ndege wengi wa mwambao hubaki huku, hawapandi kwenda kutaga. Idadi yao Julai inakudokeza kama mwaka uliopita huko kaskazini ulikuwa na uzazi mzuri au la. Hiyo ni habari ya Urusi unayoweza kuipata ukiwa umesimama Mida, chini kidogo ya kilomita 100 kutoka Mombasa, kwa nauli ya matatu ya Malindi. Na si kaskazini peke yake: mlangoni mwa Sabaki, kati ya Aprili na Septemba, wapo ndege wa Glareola ocularis wanaozaliana Madagaska na kuja kupumzika kwetu.

Aliye karibu nasi kihistoria ni yule ndege mweupe na mweusi mla kaa, Dromas ardeola. Huyu hutaga kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu, yai moja jeupe, ndani ya shimo alilolichimba mchangani, kisha hushuka mwambao wetu njia ileile ya majahazi ya kaskazi. Huja na mtoto wake, na utamwona mtoto mkubwa wa kijivu akimfuata mzazi topeni, akilia kuomba kaa. Mida ni miongoni mwa mahali pazuri sana duniani pa kumwona. Kundi lake likipungua hapa, wenzetu wa Omani wanapaswa kuambiwa, na hawataambiwa kama hakuna aliyehesabu.

Mvuvi akiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, wengi huivua wakaipa watoto. Pete ile ni barua. Andika herufi na tarakimu zote kama zilivyo, pamoja na jina la mji: pete za Urusi, kwa mfano, huandikwa MOSKWA. Weka tarehe, mahali na hali ya ndege, piga picha, na upeleke kwa Makumbusho ya Taifa Nairobi. Kama ndege yu hai na amevaa vibendera vya plastiki vya rangi, taja mguu wa kulia au wa kushoto wa ndege, si wa kwako unayemtazama, na kama kibendera kiko juu ya goti au chini yake, ukisoma kutoka juu kushuka. Rangi hupauka kwa jua na chumvi. Nyekundu iliyochoka hugeuka kuwa kama ya chungwa. Ukiwa na shaka, sema una shaka.

Kwa asiyeweza kufika Mida, kuna Ramani ya Ndege wa Kenya, iliyoanza 2013. Nchi imegawanywa viboksi vya takriban kilomita 9 kwa 9. Unatembea ndani ya boksi lako kwa saa mbili kamili angalau, ukiorodhesha kila aina kwa mpangilio uliyoiona, na unaweza kuendelea kuongeza hadi siku tano. Boksi la Likoni au Mikindani lina thamani kama la mbugani. Hata kunguru wetu hawa waliotoka Bara Hindi, wanaopora viota vya ndege wengine mjini kote, waandike.

Sasa lawama, na tunaitoa kwa upendo. Vikundi vingi vinavyojitolea mwambao huu, vya wenyeji na vya wageni, hupenda kupanda mikoko. Mikoko ni mizuri. Lakini tope tupu lililo mbele ya mikoko halikuachwa tupu kwa bahati mbaya, wala halisubiri kujazwa. Ndiyo meza ya ndege. Humo mna minyoo, kaa na chaza wadogo ambao mdomo unaweza kuwafikia. Kuchomeka miche ya mkoko hapo ni rahisi: haina matawi, tope ni laini, watu mia wanamaliza asubuhi moja na picha zinatoka safi. Halafu miche inakaa majini kwa saa nyingi kuliko inavyostahimili, mawimbi yanaitikisa, mwani unajisokota kwenye mashina, na mingi hufa. Ile isiyokufa imekula meza. Panda palipokatwa mikoko, palipobaki visiki, na uulize kwanza kama maji bado yanapita hapo kama zamani. Mara nyingi kuzibua mfereji ulioziba huleta miche ya asili yenyewe, bila mtu kuchomeka kijiti. Kama mratibu hawezi kukuonyesha visiki, weka mche chini.

Wageni wanaokuja kujitolea kwa wiki mbili tunawakaribisha, ila wapewe kazi ya wiki mbili. Mfano mzuri uko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 watu wa kujitolea kutoka Kenya na ng'ambo hukutana Novemba na Desemba kuwavisha pete ndege wanaoshuka kusini. Usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda, taa za hoteli huwavuta ndege chini, na alfajiri wananaswa kwenye nyavu laini, wanapimwa, wanavishwa pete na kuachiwa. Anayeshika ndege ni mwenye mafunzo na kibali. Bila kibali wavu huo ni ujangili. Mgeni huanza kwa kubeba mifuko ya kitambaa na kuandika. Usidharau kuandika. Pete yenye tarakimu moja iliyokosewa ni ndege aliyepotea kabisa, hata akija kuokotwa hai Uarabuni baada ya miaka mitatu.

Na kijana wa Mombasa anayetaka kweli kwenda kujitolea ng'ambo, aende akiwa na mwaka mmoja wa hesabu mkononi: Januari, Julai, na miezi ya kati ikiwezekana, za hori moja tu. Kwa barua ya maombi daftari hilo lina uzito kuliko cheti cha semina. Anunue jedwali la maji la mwaka ujao, aweke alama siku mbili kabla ya kila mwezi mpevu, na kwa Januari atafute mapema mwenye darubini ya miguu mitatu, kwa sababu huazimwa na wengi wiki ileile.