Wenzetu Wanaota, Sisi Tunaamshwa

Jamani, hivi nani aliyesema Slumberland ni filamu ya watoto? Dakika 117! Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima ni dakika 90 hivi. Maana yake ukimkalisha baba kwenye kochi saa tatu usiku, ameshiba ugali, na taa mmezima eti picha ionekane, anakoroma mzunguko mzima na akizinduka bado haijaisha. Hapo ndipo mtoto anapomgeukia: "Baba, kwani yule mwenye pembe ni nani?" Haya, jibu sasa.

Mwenye pembe anaitwa Flip, kaigiza Jason Momoa. Kariri hivyo usije ukaumbuka. Ni mhuni wa ndotoni, anapenya kutoka ndoto ya mtu mmoja hadi ya mwingine kama kondakta asiye na gari. Binti anaitwa Nemo. Kalelewa na baba yake kwenye mnara wa taa ya meli, baba kafia baharini, mtoto kapelekwa mjini kwa anko Philip anayeuza vitasa vya milango. (Wenzetu baba mkubwa na baba mdogo wote ni anko, hawana muda wa kuhesabu.) Ndotoni wanatafuta lulu iliyo ndani ya Bahari ya Majinamizi. Ukiipata unapewa unachotaka, na binti anachotaka ni kumwona baba yake tena. Na Flip ndiye Philip mwenyewe, ile nusu yake iliyobaki usingizini. Nimekuharibia utamu? Wewe ulishalala kabla hata nguruwe wa mdoli wa Nemo hajaanza kutembea.

Tuje kwenye bando, maana ndoto za wenzetu tunazilipia sisi. Filamu hii iko Netflix tangu Novemba 2022. Kwa picha ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo mpaka mwisho inakaribia GB 6. Ukiweka ubora wa kati ni kama GB 0.7 kwa saa, yote haifiki GB 1.5. Sasa kuna wale wanaojiona wajanja: wanawasha "okoa data" kwenye Netflix ya simu, halafu wanawasha hotspot na kuiunganisha TV. Wapi! "Okoa data" inaibana simu peke yake. TV ikiona hotspot inadhani ni Wi-Fi ya nyumbani, inafyonza kama ng'ombe aliyefika mtoni. Ubora unatakiwa kupunguzwa kwenye mipangilio ya akaunti, kwenye wasifu (profile) uleule mnaoangalia. Wasifu, siyo simu! Mtu anapunguza kwenye wasifu wake, watoto wanaangalia kwenye wasifu wa watoto, bando linakata Flip ndiyo kwanza anaonyesha pembe, na lawama zote kwa mtandao.

Hata hivyo bando si hoja. Hoja ni ndoto zenyewe. Kuna ndoto mle mtoto anaendesha gari la taka kwa raha zake kwenye mji wenye maghorofa ya vioo. Gari la taka! Mtaani kwetu gari la taka lenyewe ndiyo ndoto. Kuna bibi anapaa juu ya bata bukini mkubwa kama gari la Noah. Ndoto zina milango, zina ramani, zina hadi idara ya serikali yenye afisa aliyevaa rasmi anayemfukuza Flip miaka nenda rudi. Sisi huku ndoto ni ileile: mbwa anakukimbiza, miguu haiendi. Na hiyo huenda ina sababu. Ndoto nzito zinakuja pale ubongo unapokuwa umezima misuli karibu yote ya mwili, usije ukampiga teke mama watoto. Unaagiza miguu ikimbie, lakini swichi kuu imeshashushwa. Akili ikizinduka kabla swichi haijapandishwa, hilo sasa ndilo jinamizi: macho yanaona dari, kifua kizito, sauti haitoki. Hupenda kumpata mtu aliyelala chali na mwenye madeni ya usingizi. Kwenye filamu jinamizi ni moshi mweusi wenye mikono kama pweza. Huku hana haja ya mikono, anakukalia tu.

Na Nemo anavyoota! Anafumba macho, yuko ndotoni. Anajificha shuleni, anasinzia, yuko ndotoni. Nani kamwambia? Mtu akilala saa tano usiku, ndoto ya kwanza yenye maana inakuja karibu na saa sita na nusu, nayo haizidi dakika kumi, tangazo tu. Zinarefuka kadiri usiku unavyokwenda. Ile kubwa, ya nusu saa au zaidi, yenye bahari na lulu, inapangwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Sasa angalia ratiba ya mtaa. Saa kumi jogoo wa jirani. Halafu adhana. Saa kumi na moja alamu, na saa kumi na moja na nusu basi la shule linapiga honi getini, na mtoto hajavaa soksi. Yaani usiku kucha umekaa foleni, umefika dirishani, wamefunga.

Wala si jambo jipya. Nemo wa kwanza, wa katuni filamu hii ilikotoka, alikuwa mvulana, alichorwa na Winsor McCay kwenye gazeti la New York Herald kuanzia tarehe 15 Oktoba 1905. Kila Jumapili anakwenda ndotoni, na kila Jumapili picha ya mwisho ni ileile: kaamka, mara nyingi keshaanguka sakafuni. Kitanda chenye miguu mirefu kinachotembea kwenye filamu kimetoka kwa huyo huyo McCay, kwenye ukurasa wa tarehe 26 Julai 1908. Mwaka mmoja kabla ya Nemo alikuwa na katuni nyingine, ya watu wazima wanaokula mkate wa jibini usiku halafu wanaota vitisho. Huku tuna maharage ya saa nne usiku. Tumbo zito linakuamshaamsha, na ndoto uliyoamshwa katikati yake ndiyo unayoikumbuka. Ndiyo maana za mbwa tunazo nyingi.

Ukitaka kuikumbuka ya lulu, ukizinduka usijigeuze. Baki ulivyolala, macho yafumbe, anza na kipande cha mwisho urudi nyuma, kisha andika maneno matano kwenye karatasi uliyoiweka chini ya mto. Karatasi, siyo simu. Ukishika simu ujumbe wa kwanza ni wa kikundi cha michango ya harusi, umetajwa kwa jina, na bata bukini keshapaa na bibi wake.