Kodi ya Nyumba Si Hela ya Kutupa

Madalali wa Dar es Salaam wana wimbo mmoja: ukipanga unamjengea mwenzako. Kwa anayetaka kununua apatimenti kwa mkopo wa benki, wimbo huo haulingani na hesabu.

Chukua mfano wa apatimenti ya vyumba viwili inayouzwa Sh milioni 240, wakati ya jirani inayofanana nayo imepangishwa kwa Sh milioni 1.2 kwa mwezi. Bei hiyo ni kodi ya karibu miaka 17. Unatoa malipo ya awali ya asilimia 20, yaani milioni 48, na benki inakukopesha milioni 192 kwa miaka 20, riba asilimia 15. Rejesho la mwezi linafika Sh 2,528,000. Katika rejesho la kwanza, 2,400,000 ni riba tupu. Deni linashuka kwa 128,000 tu. Miaka mitano baadaye utakuwa umeilipa benki karibu milioni 152, na bado inakudai kama milioni 181. Hapo nani anamjengea nani?

Mpangaji ana karaha zake, tusidanganyane. Kulipa miezi sita kwa mkupuo kunauma, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Hata kodi ya majengo, ambayo ni ya mwenye nyumba, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeanza kuitoa mfukoni. Mkumbushe mwenye nyumba airudishe kwa kuipunguza kwenye kodi ya pango. Lakini zile milioni 1.3, tofauti ya rejesho na kodi, ambazo mpangaji hazipeleki benki zinaweza kwenda kwenye hati fungani (unaikopesha serikali au kampuni kwa riba) au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Asipoziweka akazila, basi hoja yangu inakufa.

Ningenunua lini? Pale rejesho linapokaribiana na kodi. Kwa mfano huu, hilo linatokea mkopo ukiwa kama milioni 90, yaani una milioni 150 zako mkononi na huna mpango wa kuhama karibuni.

Ukiwa nazo, hamia kwenye karatasi, maana huko ndiko watu wanakoumia. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila apatimenti kuwa na hati yake. Ukiambiwa "hati ipo" uliza: ya apatimenti hii, au ile hati kuu ya kiwanja kizima? Mara nyingi mjenzi aliiweka hati kuu rehani ili apate fedha za ujenzi. Usipopata barua ya benki yake inayoitoa sehemu yako kwenye rehani, unaweza kumaliza kulipa na benki ikakamata jengo. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi ya kushika nafasi. Angalia pia miaka ya umiliki iliyobaki kwenye hati: kiwanja cha miaka 33 kilichomilikishwa zamani si sawa na cha miaka 99. Muuzaji akiwa na mwenza, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi.

Kisha kuna tozo ya kila mwezi ya kuendesha jengo: mlinzi, taka, dizeli ya jenereta, pampu ya maji, matengenezo ya lifti. Ikiwa ni Sh 150,000, hiyo ni milioni 1.8 kwa mwaka ambayo madalali hawakutajii. Ndogo mno nayo ni dalili mbaya, kwani hakuna akiba ya kubadilisha mota ya lifti ikiungua. Omba kuona orodha ya wasiolipa. Theluthi moja wakigoma, wa kwanza kupanda ngazi na ndoo ni wa ghorofa ya saba.

Nenda ukaone jengo siku umeme umekatika, na uangalie dari ya bafu: alama ya unyevu hapo mara nyingi ina maana bafu la juu linavuja, na kulitengeneza kunahitaji ridhaa ya jirani ambaye hata humjui.